Asali ya mrina wa kijijini na asali yenye cheti cha kilimo hai: ipi uichukue?

Simama kwenye kibanda cha asali Kariakoo, au pembeni mwa barabara pale Manyoni, uulize kama asali ni ogani, yaani ya kilimo hai. Jibu utalipata kabla hujamaliza kuuliza: "Ogani kabisa dada, hii imetoka porini." Mara nyingi muuzaji huyo hasemi uongo. Ila swali lako bado hajalijibu. Kutoka porini ni jambo moja na kuwa asali ya kilimo hai ni jambo jingine. Ziko chupa zenye yote mawili, ziko zenye moja, na ziko zisizo na hata moja.

Hapa nazilinganisha asali za aina tatu ambazo mnunuzi wetu hukutana nazo: ya mrina (mvunaji wa asali) wa msituni, kama wale wa Sikonge, Mlele, Itigi na Kibondo, ya mfugaji aliye jirani na mashamba, iwe Arumeru kwenye mbogamboga, Singida kwenye alizeti au Mtwara kwenye korosho, na ile yenye cheti. Iko pia ya nne, iliyovuka bahari na kupangwa kwenye rafu za supamaketi, ambayo nitaigusa kwa kifupi maana haihitaji zaidi ya hapo.

Msimamo wangu niuweke mezani mapema. Asali ya warina wetu wa msituni, kwa sehemu kubwa, ina sifa zote zinazotakiwa na kilimo hai, na nyingine inaipita ile yenye cheti. Lakini neno "ya kienyeji" halipimi kitu. Anayetaka kujua asali ameshika ya namna gani aulize mambo mawili: mzinga umetundikwa wapi, na asali ilibebwa na chombo gani.

Kanuni zinadai nini

Afrika Mashariki ina kiwango chake cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Anayetaka kuuza Ujerumani au Ufaransa hukutana na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022. Nitaitumia hiyo ya Ulaya kama rula, kwa sababu imeeleza mambo ya nyuki kwa undani.

Yapo masharti ambayo mfugaji wetu anayatimiza hata bila kujua yameandikwa. Mzinga uwe wa vitu vya asili. Nyuki wasipewe antibiotiki wala dawa za kemikali za viwandani. Malkia asikatwe mabawa. Nyuki waachiwe asali na chavua ya kuwatosha msimu mgumu, na wasilishwe sukari ila pale uhai wa kundi uko hatarini, tena sukari yenyewe iwe ya kilimo hai. Hebu nenda Tabora umwambie mzee anunue kilo mbili za sukari awapelekee nyuki; atakutazama mara mbili. Kwake nyuki wakikosa maua wanahama zao, na maua yakirudi mizinga inaingiwa tena.

Suala la dawa ndilo linaloiweka asali yetu mbele kuliko watu wanavyofikiri. Kuna utitiri unaoitwa varoa, ambao umewatesa wafugaji wa Ulaya na Marekani kwa miongo kadhaa, na huko bila kutibu mizinga makundi mengi hufa. Wafugaji wa kilimo hai wa kule wanaruhusiwa kutumia asidi ya fomiki, asidi ya oksaliki, thimoli na vitu vya jamii hiyo. Utitiri huo ulithibitishwa kuwapo Kenya mwaka 2009, na Tanzania pia upo. Lakini nyuki wetu, hawa wakali wa Apis mellifera scutellata, wanaishi nao bila dawa yoyote. Kwa hiyo chupa yenye cheti kutoka Ulaya inaweza kuwa imetoka kwenye mzinga uliotibiwa kwa asidi inayoruhusiwa, wakati dumu la Sikonge limetoka kwenye mzinga ambao haujawahi kuona dawa tangu uchongwe.

Sharti linalouma ni la eneo. Kanuni inataka ndani ya kilomita 3 kutoka kwenye manzuki, yaani mahali mizinga ilipo, chakula cha nyuki kiwe hasa ni msitu, uoto wa asili, mashamba ya kilimo hai, au mazao yanayotunzwa kwa njia zisizochafua sana mazingira. Kilomita 3 zinasikika chache. Chora duara lake kwenye ramani utaona: ni kilomita za mraba 28 na ushee, hekta zaidi ya 2,800, karibu ekari 7,000. Na hizo kilomita 3 ni makadirio ya kanuni tu. Nyuki haoni mpaka; maua yakiadimika huenda mbali zaidi ya hapo.

Mrina wa msituni

Msitu wa miombo umeshika sehemu kubwa ya magharibi na kusini mwa Tanzania: Tabora, Katavi, Kigoma, hadi kusini. Miti yake mikubwa, mitundu na jamaa zake, huchanua kwa zamu, na mavuno makubwa huja mvua zikikatika, kati ya Mei na Julai. Upande wa Itigi kuna vichaka vizito vya aina yake, na asali ya huko hutoka nyeupe kuliko ile ya miombo iliyokolea. Wanaoona asali nyeupe wakadhani imechakachuliwa wanajinyima kitu kizuri.

Mrina wa huko hukuambia habari za asali yake bila kutumia hata neno moja la lebo. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mizinga yako iko upande gani?"

"Mbali. Ukiondoka hapa na baiskeli alfajiri, kambini unafika saa nane mchana."

"Na mashamba yanaishia wapi?"

"Mashamba unayaacha kisimani pale. Mbele ya hapo ni msitu mtupu, hata mifugo haifiki, maji hakuna."

Mzee huyo ametimiza sharti la kilomita 3 mara kadhaa, na hana karatasi. Akiwa na kibali cha kuingia msitu wa hifadhi, au akiwa anatundika ndani ya Hifadhi ya Nyuki kama ile ya Aghondi wilayani Manyoni, hapo tena ana ushahidi wa maandishi wa mahali. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 ndiyo iliyoziwekea hifadhi za namna hiyo msingi, na mnunuzi mjanja huulizia kibali hicho kabla ya kuulizia cheti.

Sasa tuje kwenye kasoro, maana asali ya msituni nayo inazo, na sipendi wauzaji wanavyozipita kimya.

Ya kwanza ni tumbaku. Urambo, Kaliua na Sikonge ni nchi ya asali na ni nchi ya tumbaku vilevile. Mkulima wa tumbaku hukata ua ili nguvu yote iende kwenye jani, kwa hiyo nyuki hapati mbochi, ule utamu wa maua, mwingi shambani humo. Hatari iko kwenye dawa inayopeperushwa na upepo wakati wa kupulizia, na kwenye madimbwi ambayo nyuki hunywa maji wakati wa kiangazi. Juu ya hayo, mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni, na kuni ni ile ile miombo. Kwa hiyo "imetoka Tabora" pekee halitoshi. Tabora ya kilomita 40 ndani ya msitu na Tabora ya nyuma ya bani ni vitu viwili.

Ya pili ni moto. Anayerina usiku kwa kienge cha nyasi huwaunguza nyuki wengi na kuacha majivu na harufu ya moshi kwenye asali. Kanuni za kilimo hai zinakataza kuua nyuki ndani ya masega kama njia ya kuvuna, kwa hiyo asali ya kienge inaanguka hapo hapo hata kama msitu wake ni safi kama ulivyoumbwa. Bomba la moshi, mavazi ya kujikinga na uvumilivu kidogo humaliza tatizo hilo. Harufu ya moshi ukiisikia kwenye chupa, hata kwa mbali, jua ilivyorinwa. Wapo wanaoipenda harufu hiyo na kuiita ndiyo asali yenyewe ya Tabora. Mimi siipendi.

Ya tatu, na kwangu ndiyo mbaya kuliko zote, ni chombo. Asali imekaa msituni miezi bila kuguswa na kitu kichafu, halafu inamiminwa kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi, au dumu lililobeba dawa ya shamba likasuuzwa kwa maji na mchanga. Asali ina tindikali. Ikikaa kwenye chuma kinachoshika kutu au plastiki isiyo ya chakula, inachukua ladha na vingine visivyoonekana. Angalia chini ya ndoo: kama kuna utando wa rangi kwenye kona, au mfuniko una maandishi yaliyokwanguliwa, achana nayo. Chupa za maji na za pombe kali zilizookotwa, ambazo zimejaa barabarani kuanzia Manyoni hadi Marigat kule Baringo, ni swali lile lile kwa kipimo kidogo.

Kuna jambo dogo ambalo mkaguzi wa cheti huliona na mnunuzi wa kawaida halioni: nyaya za kuning'inizia mizinga. Ili sisimizi na siafu wasipande, wafugaji hupaka grisi kwenye waya, wengine oili chafu ya gari. Tone haliingii kwenye asali kwa urahisi, lakini ni kitu cha petroli kilicho shubiri moja kutoka kwenye mlango wa nyuki, na mkaguzi atauliza.

Na mizinga ya magome? Hapa watu huchanganyikiwa. Gome ni kitu cha asili, kwa hiyo kanuni haina ugomvi nalo, na asali ya mizinga ya magome kutoka kaskazini magharibi mwa Zambia imeuzwa Ulaya kwa cheti cha kilimo hai kwa miaka mingi. Lakini mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Anayejali msitu kuliko lebo atapendelea mzinga wa mbao au gogo la mti uliokwisha anguka. Cheti cha kilimo hai hakijibu kila swali la mazingira, na hakijawahi kudai kwamba kinajibu.

Mfugaji jirani na mashamba

Huyu mara nyingi ndiye msafi zaidi machoni. Ana mizinga ya masanduku au ya viunzi juu, ana mavazi meupe, anakamua kwa mashine badala ya kupondaponda masega kwa mkono, anachuja kwa kitambaa safi na kupaki kwenye chupa za kioo. Majana (watoto wa nyuki) na chavua hazielei kwenye asali yake. Ukiweka chupa yake kando ya dumu la Sikonge, tisa kati ya wanunuzi kumi watanyoosha mkono kwake.

Na bado, huyu ndiye asiyeweza kuiita asali yake ya kilimo hai, hata awe mwadilifu kiasi gani. Nyuki wake wanaenda kwenye nyanya, vitunguu, maharage na alizeti za watu. Mkulima wa nyanya wa Arumeru anaweza kupulizia dawa kila wiki, na akiona kantangaze, mdudu anayeharibu nyanya, anaongeza. Mfugaji angepaswa kujua kinachopuliziwa kwenye ekari 7,000 za majirani zake. Wengi hawajui hata cha jirani wa ukuta mmoja. Dalili ya mambo kuharibika huonekana asubuhi: nyuki waliokufa wamelundikana mbele ya mlango wa mzinga, ndimi nje. Mfugaji anayekuambia hilo limewahi kumtokea anakuambia ukweli wa mahali alipo, na ningemheshimu kuliko anayeapa kwamba kwake hakuna dawa.

Korosho inastahili maneno yake. Lindi na Mtwara mikorosho inachanua wakati ule ule wakulima wanapopuliza salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa yenyewe inaruhusiwa kwenye kilimo hai. Kinachoharibu hesabu ni viuatilifu vya maji vinavyopigwa pamoja nayo au baada yake. Kwa hiyo asali ya korosho inaweza kuwa ya kilimo hai au isiwe, kutegemea shamba moja baada ya jingine, na bila kumbukumbu za wakulima hakuna anayeweza kukuhakikishia.

Niseme pia upande wa pili. Asali isiyo ya kilimo hai haiwi sumu kwa sababu hiyo. Nyuki aliyepata dawa kali mara nyingi harudi mzingani, anafia njiani, na hilo linapunguza kinachofika kwenye asali. Asali ya alizeti ya Singida ni tamu, inaganda haraka na kuwa laini ya kupaka kwenye mkate, na familia nyingi zinaitumia bila shida yoyote. Iuzwe tu kama ilivyo: asali safi ya mashambani. Kosa liko kwa anayeibandika neno ogani na kuongeza bei.

Wapo pia walioko katikati, na hawa ndio ningewatafuta kama ningeishi Moshi. Mfugaji aliyezungukwa na vihamba vya kahawa na migomba ambavyo vyama vyao vimekubaliana kutotumia kemikali, na juu yake kuna msitu wa Mlima Kilimanjaro, ana hoja nzuri. Vivyo hivyo mfugaji wa Pemba mwenye mikarafuu upande mmoja na mikoko upande wa pili. Mikoko hakuna anayeipulizia dawa.

Yenye cheti

Chini ya neno cheti watu wameficha vitu vinne tofauti, na bei yao haipaswi kuwa moja.

Kuna cheti cha kampuni huru ya ukaguzi, kinachokubalika Ulaya. Mkaguzi huja angalau mara moja kwa mwaka, anaangalia ramani ya mizinga, orodha ya wafugaji, vyombo, ghala na mtiririko wa kilo kutoka mzingani hadi kwenye pipa. Kabla ya kuanza kuuza kwa jina la kilimo hai, manzuki hupita kipindi cha mpito cha miezi 12. Wafugaji wadogo hawawezi kumudu gharama hiyo mmoja mmoja, kwa hiyo hujiunga kwenye kundi, ambalo kwa kanuni ya Ulaya haliruhusiwi kuzidi watu 2,000, na kundi hujikagua lenyewe kwanza. Kwenye chupa iliyoandikwa kwa soko hilo utakuta jani la kijani la nyota pamoja na namba ya mkaguzi: herufi mbili za nchi, neno BIO, kisha tarakimu. Jani bila namba ni mchoro tu.

Kuna alama ya Kilimohai. Hii inaweza kutoka kwa mkaguzi huru au kwa mfumo shirikishi, ambapo wafugaji, wanunuzi na majirani hukaguana na kuwekeana dhamana. Gharama yake ni ndogo na kwa soko la nyumbani inatosha kabisa. Wengine huidharau wakisema jirani hawezi kumkagua jirani. Nadhani wanakosea: hakuna anayejua vizuri kuliko jirani nani alinunua dawa ya wadudu juzi. Tanzania msimamizi wa harakati hizi ni TOAM, shirika la kilimo hai la nchi hiyo, na Kenya mwenzake ni KOAN.

Kuna nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Hii watu wengi huichukua kama uthibitisho wa ogani, na haina uhusiano nao. Inahusu ubora wa asali kama chakula: maji yasizidi kiasi, sukari iwe ya asali na isiwe ya miwa, usafi. Kiwango cha kimataifa cha chakula, Kodeksi, kwa mfano kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali nyingi. Ni nembo ya maana sana, na asali yenye cheti cha kilimo hai lakini yenye maji mengi itachacha mbele ya macho yako. Ukiweza, tafuta zote mbili.

Na kuna lebo tupu: "asilia", "ogani", "pori halisi", picha ya nyuki anayetabasamu. Hakuna namba, hakuna wilaya, hakuna mwezi wa mavuno. Hii iweke kundi moja na neno la muuzaji wa barabarani, tena yule wa barabarani angalau unaweza kumuuliza swali la pili.

Cheti hakinunui utamu wala nguvu ya asali. Kinanunua ushahidi. Asali yenye cheti inaweza kuwa imepashwa moto mpaka harufu ikaisha, na bado cheti kikawa halali. Halafu kuna hili, ambalo wanunuzi wa mijini hawalijui: mara nyingi cheti ni mali ya msafirishaji, maana ndiye aliyelipa. Mrina akimuuzia msafirishaji madumu manne, yanaondoka yakiwa ya kilimo hai. Dumu la tano, la mzinga ule ule, la usiku ule ule, akikuuzia wewe pale stendi haruhusiwi kuliita hivyo. Linaingia kwenye chupa isiyo na jina na kuuzwa kwa bei ya kawaida. Kwa mnunuzi mwenye kutafuta, dumu hilo la tano ndilo pato.

Ya kutoka nje, na ile ya nyuki wadogo

Maabara za Tume ya Ulaya zilipopima sampuli 320 za asali iliyoingizwa Ulaya, matokeo yaliyotolewa 2023 yalionyesha 147, sawa na asilimia 46, zinashukiwa kuchanganywa na sharubati za sukari. Hizo ni asali zilizopita kwenye forodha zenye ukali kuliko zetu. Chupa ya supamaketi iliyoandikwa "mchanganyiko wa asali za nchi mbalimbali", isiyo na cheti chenye namba, sioni sababu ya kuipa nafasi mbele ya asali ya Kibondo.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni kesi ya pekee. Ina maji mengi na uchachu wake ni wa asili, hivyo haifuzu viwango vya asali ya kawaida, na sheria ya Ulaya inaitambua asali ya Apis mellifera tu. Ukikuta imebandikwa jani la kijani la Ulaya kama asali, shtuka. Thamani yake iko kwa anayemfahamu anayeivuna.

Vipimo vya mtaani vinaona nini

Njiti ya kiberiti iliyochovywa, tone kwenye glasi ya maji, kuangalia kama sisimizi wanaisogelea, kuichora kwenye karatasi: vyote hivi, pale vinapofanya kazi, vinapima uzito na maji. Sharubati nzito ya sukari inaweza kuvipita vyote. Na hakuna hata kimoja kinachoona dawa ya shamba. Kuganda nako si dalili ya kuchanganywa. Asali safi nyingi huganda, na ya alizeti huganda upesi. Mabaki ya viuatilifu yanaonekana maabara peke yake, na kwa chupa moja ya nyumbani gharama hiyo haina maana. Ndiyo maana narudi kwenye mahali na chombo, vitu ambavyo unaweza kuviuliza bila maabara.

Kwa hiyo uchukue ipi

Kama ni ya nyumbani, ya chai, uji na kifua kinachokereketa, chukua ya msituni kutoka kwa mtu anayeweza kukutajia kijiji, msitu na mwezi, na ambaye amevuna kwa bomba la moshi. Nisingelipia cheti hapo. Ila kama muuzaji anaishia kwenye "Tabora" na hana la kuongeza, afadhali chupa yenye Kilimohai na nembo ya TBS hata kama imezidi bei.

Kama una hoteli, duka la mtandaoni au unapaki kwa jina lako na unataka kuandika ogani kwenye lebo, huna njia ya mkato: nunua yenye cheti na utunze nakala yake, pamoja na stakabadhi inayoonyesha kilo zinalingana. Mteja mmoja mwenye maswali atakuumbua.

Kama ya jirani wa mashamba ndiyo iliyo karibu nawe na unamjua mwenyewe, inunue kwa bei ya asali safi, na mwombe akueleze majirani wanapulizia miezi gani. Anayevuna kabla ya msimu wa kupulizia na kuiweka kando asali hiyo ana kitu bora kuliko anayechanganya mavuno yote kwenye pipa moja.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, yenye cheti wala isiyo nacho. Inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo lake bado halina uwezo wa kuvizuia.

Na kwa watakaoagiza ya msituni msimu ujao: piga simu mwezi wa nne, kabla madalali hawajafika vijijini. Tuma ndoo zako mwenyewe, mpya, za plastiki ya chakula na zenye mifuniko inayobana, kwa basi la Tabora au Mpanda. Bei ya ndoo mbili ni ndogo, na mrina naye atafurahi kubakiwa nazo ukimwambia moja ni yake.